Pingili Iliyoteleza: Upasuaji wa Kiuno kwa Wazee na Maneno Yake

Mswahili akisema kwamba kiuno kinamwuma, hataji mfupa mmoja wala msuli mmoja, bali sehemu nzima ya chini ya mgongo, kuanzia zinapokwisha mbavu mpaka yanapoanza makalio. Ndani ya sehemu hiyo zimo pingili tano kubwa zilizopangana moja juu ya nyingine, nazo zimeketi juu ya mfupa mpana ulio kati ya mifupa miwili ya nyonga. Jina la pingili limetoka katika muwa na mwanzi, na kwa umbo lafaa sana. Lakini mfano huo una kasoro moja: pingili za muwa zimeshikana kabisa, hali pingili za mgongo hucheza. Baina ya kila pingili na mwenziwe limo tabaka la gegedu lenye maji, ambalo siku hizi huitwa diski, na kwa nyuma vimo viungo vidogo viwili, kulia na kushoto, vinavyozuia pingili ya juu isiende mbele kupita kiasi.

Mzee akishapigwa picha ya eksirei na kuambiwa kwamba pingili yake moja haikai sawasawa, habari hiyo humfikia kwa mojawapo ya maneno matatu: imetoka mahali pake, imeteguka, au imeteleza. Kila neno huja na mzigo wake. Kifundo cha mguu huteguka kwa ghafula, na dawa yake yajulikana, ni kuvutwa na kurudishwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Mtu huteleza penye matope mara moja akaanguka, kisha akainuka. Kitu kilichotoka mahali pake hapana budi kirudishwe. Basi mgonjwa huondoka akitazamia mambo mawili: ya kwanza, kwamba mfupa wake uliruka siku moja, na huanza kukumbuka ni siku gani aliyobeba ndoo au gunia, ya pili, kwamba kazi ya mpasuaji ni kuurudisha. Kwa vijana waliovunjika mgongo huenda yote mawili yakawa kweli. Kwa wazee, hakuna hata moja lililo kweli, na asiyelitambua jambo hilo hawezi kuamua vema kama akubali kupasuliwa au akatae.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake. Jina la kitaalamu, spondilolisthesi, lilitungwa mwaka wa 1854 na Kilian, mganga wa uzazi wa Bonn katika Ujerumani, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya pingili na la pili lenye maana ya kuteleza. Kabla yake, mwaka wa 1782, Herbiniaux wa Ubelgiji, naye pia mganga wa uzazi, alikuwa amekwisha kueleza habari ya mfupa uliojitokeza mbele katika nyonga ya mama hata ukamzuia mtoto kutoka. Kwa hiyo neno hili lilizaliwa katika chumba cha uzazi, likahusu wanawake vijana, na ubaya uliotazamwa ulikuwa mfupa wenyewe kuwa njiani. Baadaye ilitambulikana kwamba katika watu wa namna hiyo, tao la mfupa lililo nyuma ya pingili mara nyingi huwa na ufa, na ndiyo sababu sehemu ya mbele ikapata nafasi ya kwenda zake.

Mwaka wa 1930 Junghanns, Mjerumani, alieleza namna nyingine, ambayo tao lake ni zima lakini pingili imesogea vilevile. Aliiita kuteleza kwa uongo. Jina hilo lilidumu miaka mingi. Hata Macnab, alipoandika juu ya maradhi hayo mwaka wa 1950, alilitaja bado, ingawa kwa mashaka. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba maradhi yanayowalaza wazee wengi yalipewa jina la uongo kwa sababu tu yalitambuliwa nyuma ya mengine. Newman na Stone walipochapisha uchunguzi wao mwaka wa 1963, jina la uongo lilianza kuachwa, na mahali pake likashika neno lenye maana ya uchakavu. Wiltse, Newman na Macnab waliuthibitisha mgawanyo huo mwaka wa 1976, na ndio unaofuatwa na wengi mpaka leo. Katika Kiswahili yatosha kusema kusogea kwa pingili kwa uchakavu. Kitenzi cha kusogea ni bora kuliko kuteleza, kwani kitu kinachosogea hakina haraka.

Mambo yenyewe huenda hivi. Kadiri miaka inavyopita, diski hupungua maji ikawa nyembamba. Uzito uliokuwa ukichukuliwa na diski huhamia kwenye vile viungo vidogo vya nyuma, navyo hulika, huvimba na kuota vinundu vya mfupa. Kano ya manjano, iliyokaza nyuma ya njia ya mishipa ya fahamu, hulegea, ikanenepa na kujikunja kwa ndani. Ndipo pingili, ambayo mara nyingi huwa ni ya nne, huanza kwenda mbele juu ya ya tano, kidogo kidogo kwa miaka mingi. Meyerding, katika mwaka wa 1932, aliweka kipimo cha kugawanya upana wa pingili ya chini katika robo nne. Wazee wengi hawapiti robo ya kwanza, na ni nadra kwenda zaidi ya theluthi. Wanawake hupatwa mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, na kwa kawaida baada ya miaka 50.

Hapa ndipo tao zima linapoleta shida ambayo tao lenye ufa halileti kwa namna ileile. Msomaji na avitazame vikuku viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Cha juu kikisukumwa mbele kidogo tu, tundu la kati linalopitisha mwanga hupungua. Pingili ya mzee inaposogea, huliburura tao lake pamoja nayo, na njia ya mishipa ya fahamu hubanwa kati ya tao la juu na mwili wa pingili ya chini. Ule ufa wa vijana, kwa kuwa huliacha tao nyuma, hauibani njia ya katikati kwa kiasi hicho. Hivyo mfupa uliosogea milimita chache kwa bibi wa miaka 70 waweza kumtesa kuliko mfupa uliosogea mara mbili ya hapo kwa kijana.

Kinachouma, basi, ni mishipa ya fahamu iliyobanwa, na dalili zake zinajulikana sana mitaani ijapokuwa hazina jina. Mzee huanza kutembea vizuri. Baada ya hatua mia au mia mbili miguu huwa mizito, ganzi na moto huteremka kutoka makalioni mpaka mapajani na miguuni, akasimama. Lakini kusimama hakumfai kitu. Humpasa akae, au ainame mbele akishika ukuta. Akiegemea mkongojo au mkokoteni huenda mbali zaidi. Kupanda mlima humsumbua kidogo kuliko alivyotazamia mtu, lakini kuteremka humsumbua zaidi, kwa kuwa anayeteremka huupinda mgongo nyuma. Wako wasioweza kufika msikitini kwa miguu nao waweza kuendesha baisikeli mwendo wa saa nzima, maana mwenye baisikeli ameinama, na mgongo ulioinama hupanua njia. Kwa dalili hizo waganga huwatenga wagonjwa hawa na wale ambao mishipa yao ya damu miguuni imeziba, kwani hao wa pili hupata nafuu kwa kusimama tu. Aliyeifunua siri ya njia nyembamba alikuwa Verbiest wa Utrecht katika Uholanzi, kwa maandishi yake ya mwaka wa 1954.

Kabla ya kufika katika kisu, liko neno jingine la kulitengeneza, nalo lina madhara makubwa kuliko la kwanza. Uti wa mgongo katika mazungumzo ya kila siku ni mifupa, na pia ni kilichomo ndani ya mifupa. Homa ya uti wa mgongo haihusu mifupa hata kidogo. Huhusu utando unaozunguka ubongo na ule ugwe wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani. Kwa sababu hiyo, mzee akiambiwa kwamba atapasuliwa uti wa mgongo, husikia kwamba kisu kitaingia katika ule ugwe, na atapooza. Wengi hukataa papo hapo. Ukweli ni kwamba kwa mtu mzima ugwe huo hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo, penye pingili ya nne na ya tano, haupo. Iko mishipa mingi iliyoachana na kuning'inia ndani ya mfuko wa majimaji, nayo kwa Kilatini huitwa mkia wa farasi. Mishipa hiyo yaweza kudhurika, lakini huvumilia kuguswa kuliko ugwe wenyewe. Hatari ya kupooza ipo, ila ni ndogo sana kuliko ilivyo katika fikira za watu.

Si kila aliyesogea pingili wa kupasuliwa. Wengi hawana maumivu yoyote, na huambiwa habari hiyo kwa bahati tu, walipopigwa picha kwa jambo jingine. Waganga wa Japani, wakiongozwa na Matsunaga, waliwafuata wagonjwa 145 wasiopasuliwa kwa miaka 10 na zaidi. Pingili iliendelea kusogea kwa theluthi moja tu ya watu hao. Diski ikishanyauka kabisa, pingili mara nyingi hujishikilia zenyewe. Katika wale wasiokuwa na dalili za mishipa tangu mwanzo, robo tatu walibaki hivyo hivyo. Lakini wale waliokuwa na dalili hizo wakakataa kupasuliwa, wengi wao walizidi kudhoofika. Kwa hiyo desturi ni kuanza na dawa za maumivu, mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo na mgongo, kupunguza uzito, na mkongojo, ambao ni dawa halisi wala si aibu. Ikipita miezi mitatu au sita na mzee hawezi kwenda sokoni na kurudi, ndipo habari ya upasuaji huletwa. Isipokuwa jambo moja tu lisilongoja miezi: mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi katika sehemu zinazogusa tandiko la baisikeli, apelekwe hospitali siku ileile.

Upasuaji wenyewe una kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, na kuchanganywa kwake ndiko chanzo cha mabishano yote. Kazi ya kwanza ni kufungua njia. Mgonjwa hulazwa kifudifudi akiwa chini ya dawa ya usingizi, tumbo lake likiachwa lining'inie ili damu isijae mgongoni. Mpasuaji huhakikisha kwa eksirei kwamba amefika penye pingili ipasayo, kwani kuhesabu pingili kwa kidole hudanganya. Kisha hutenga misuli, huondoa bamba la mfupa la nyuma, lote au sehemu, hukata ile kano iliyonenepa, na kuchonga pembeni mpaka mishipa ikalala bila kubanwa. Pingili iliyosogea haiguswi. Hubaki pale pale ilipokuwa, na mzee aliyekuwa hawezi kwenda hatua mia hutembea.

Kazi ya pili ni kuziunga pingili mbili zikawa mfupa mmoja. Asili yake ni ya mwaka 1911, Hibbs na Albee walipofanya hivyo katika New York, hasa kwa ajili ya kifua kikuu cha mgongo. Vipande vya mfupa, vya nyonga au vile vilivyochongwa njiani, huwekwa kando ya pingili au kati yake, na siku hizi huongezwa parafujo nne za chuma na vijiti viwili vya kuzishika. Neno kuunga nalo lahitaji uangalifu. Anayeunga mfupa kwa desturi hurudisha umoja uliovunjika. Hapa hapakuvunjika kitu. Kiungo kilichokuwa kikicheza huuawa kwa makusudi, kisicheze tena daima. Parafujo nazo si za kudumu kwa kazi, ila hushikilia tu kwa miezi kadhaa mpaka mfupa uote. Usipoota, chuma hatimaye hulegea au hukatika.

Hoja ya wanaopenda kuunga ilikuwa wazi: ukiondoa mfupa wa nyuma, pingili itazidi kwenda mbele. Mwaka wa 1991 Herkowitz na Kurz wa Marekani waliwagawa wagonjwa 50, nusu wakafunguliwa njia tu, nusu wakaungwa pia bila chuma, na walioungwa walikuwa na hali njema zaidi. Mwaka wa 1997 Fischgrund na wenziwe walilinganisha kuunga kwa chuma na kuunga bila chuma. Kwa chuma, mifupa ilishikana katika watu 82 kati ya kila 100. Bila chuma, katika 45 tu. Lakini wagonjwa wenyewe, walipoulizwa baada ya miaka miwili, hawakutofautiana kwa maumivu wala kwa nafuu. Jambo hilo lilipaswa kuwashtua watu kuliko lilivyowashtua. Picha ilikuwa nzuri zaidi. Mtu hakuwa hivyo.

Uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka wa 2007 na kuhusu wagonjwa zaidi ya 600, uliuliza swali la awali zaidi, kama kupasua kwafaa kuliko kutopasua. Wagonjwa wengi waliopangiwa upande mmoja walihamia wa pili, kwa hiyo hesabu ya mpango wa kwanza haikuonyesha kitu. Walipolinganishwa kwa matibabu waliyopata hasa, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miaka miwili, na tena baada ya minne.

Likabaki swali la kuunga. Mwaka wa 2016 majibu mawili yalitokea katika toleo moja la jarida moja la uganga la Marekani. Ghogawala na wenziwe wa Marekani, kwa wagonjwa 66, waliona kwamba walioungwa walikuwa na hali bora kidogo, na wachache zaidi walirudi kupasuliwa tena katika miaka minne: 14 kati ya kila 100, dhidi ya 34. Försth na wenziwe wa Uswidi, kwa wagonjwa 247 wenye miaka kati ya 50 na 80, wengine wenye pingili iliyosogea na wengine wenye njia nyembamba tu, hawakuona tofauti yoyote, wala katika kurudi kupasuliwa. Walioungwa walipoteza damu nyingi zaidi na kulazwa siku nyingi zaidi. Mwaka wa 2021 Norwe ikatoa jibu lake, kwa wagonjwa 267, wote wenye pingili iliyosogea. Miaka miwili baadaye, waliofunguliwa njia tu walipata nafuu ya kutosha kwa kiasi cha 71 katika kila 100, na walioungwa 73. Waliorudi kupasuliwa walikuwa 12 au 13 katika kila 100 upande wa kwanza, na 9 upande wa pili. Wagonjwa hao walifuatwa mpaka miaka mitano, na habari iliyotolewa mwaka wa 2024 haikubadili hukumu.

Mpasuaji mwangalifu hatasema kwa hayo kwamba kuunga kumekufa. Picha mbili za eksirei, moja mgonjwa akiwa ameinama na moja akiwa amejipinda nyuma, zikionyesha kwamba pingili yacheza sana, au mgonjwa akisumbuliwa na mgongo wenyewe kuliko miguu, sababu ya kuunga ipo. Lakini haifai iwe desturi ya kila mzee. Mifupa ya bibi wa miaka 75 mara nyingi imekuwa myepesi, na parafujo hukaa ndani yake kama msumari katika ubao ulioliwa na mchwa. Kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari ya jeraha kuoza na ya damu kuganda miguuni. Usingizi wa dawa ukiwa mrefu, wazee wengine huamka wamechanganyikiwa kwa siku kadhaa. Tena pingili za jirani, zikilazimika kufanya kazi ya kiungo kilichokufa, zaweza kuchakaa upesi. Na chuma ni ghali. Katika Afrika ya Mashariki upasuaji wa mgongo hufanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Na jamaa wanaochanga fedha kwa ajili ya bibi yao wana haki ya kuuliza kama chuma hicho kinahitajiwa kweli.

Mfasiri katika chumba cha daktari mara nyingi ni binti wa mgonjwa au mjukuu wake, naye hupewa maneno ya Kiingereza ayageuze papo hapo. Bibi huuliza, "Daktari, mwanangu, mtaurudisha mfupa wangu mahali pake?" Mjukuu, kwa huruma, hujibu kwamba ndiyo. Jibu la kweli laweza kusemwa kwa maneno mepesi vilevile: "Hapana, bibi. Mfupa utakaa hapo hapo ulipo. Watapanua njia ya mishipa iliyobanwa, ili miguu yako ikubebe." Na kama kuunga kumekusudiwa, aongeze, "Tena watazifunga pingili mbili zisicheze tena, na hapo pa kiuno hapatapinda daima." Aliyeambiwa hivyo hatalalamika baada ya miezi sita, atakapoona katika picha mpya kwamba pingili yake bado imetokeza mbele.

Baada ya kufunguliwa njia, mzee huinuliwa kitandani siku hiyo au ya pili yake, akatembezwa. Maumivu ya miguu hutangulia kuondoka, pengine asubuhi ya kwanza. Ganzi huchelewa, na ikiwa ilikuwapo kwa miaka, huenda isiondoke yote. Kwa wiki kadhaa haimpasi kubeba ndoo, kufagia kwa fagio fupi, wala kuinua mjukuu kutoka chini. Aliyeungwa huongezewa miezi.